Sisemezani na mdogo wangu. Nikifa usiku huu je?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nina miaka 68, naishi Old Moshi. Meza ya Bwana siikosi. Lakini huu ni mwaka wa sita sisemezani na mdogo wangu kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba la ukoo. Juzi jirani alilala mzima, asubuhi wakamkuta amefariki. Tangu hapo usingizi sina. Nikifa hivi nitahukumiwa? Mke wangu anasema nimpelekee jani la isale kuomba msamaha, ila mzee mmoja wa kanisa anasema huo ni upagani.

JIBU: Amina, baba. Nianze na hiyo hofu ya usiku. Waebrania 9:27 hatuwezi kuiruka: watu hufa mara moja, na baada ya kufa ni hukumu. Lakini Hakimu mwenyewe ndiye aliyesema katika Yohana 5:24 kwamba amwaminiye aliyempeleka "yuna uzima wa milele, wala haingii hukumuni". Yuna, sasa hivi. Si kwamba atapewa akishamaliza kesi za mashamba. Yule mhalifu msalabani hakupata nafasi ya kurudisha cha mtu hata kimoja, na aliahidiwa Peponi siku ileile. Lala, baba.

Kesho asubuhi ni habari nyingine. Mwaka 1519 Martin Luther aliandika mahubiri juu ya kujiandaa kufa. Ungedhani ataanza na sala. Ameanza na mali: iwekwe wazi, ndugu wasije wakagombana ukiisha kuondoka. La pili, samehe na uombe msamaha. Sakramenti zinakuja baadaye. Nimezika watu wengi kwenye migomba huku kwetu, na ninajua alichokuwa anakisema. Udongo bado mbichi, mashada hayajanyauka, vijana wameshaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye masale ya mpakani. Huo ugomvi watoto wako wataurithi pamoja na kihamba, kwa hiyo wosia nao uandike mapema.

Kuhusu isale: ni jani. Wazee wetu walikubaliana kwamba anayeletewa jani hilo hakatai kusamehe. Kama huchinjii mizimu, mimi sioni dhambi hapo, na huyo mzee wa kanisa nitaongea naye. Lichume palepale mpakani mnapogombania. (Chuma upande wako!)

Ila usiende kana kwamba unalipia nauli ya mbinguni, maana mdogo wako atakusoma usoni kabla hujakaa. Nenda kwa sababu wewe umeshasamehewa. Akikataa, Paulo ameandika "kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote". Upande wake si mzigo wako.

Na siku hiyo ya kwanza usibebe karatasi za mpaka, wala usimchukue balozi wa nyumba kumi. Hayo ni ya safari ya pili.