Jibu: Mwanamantiki au mtu razini?

Salaam, ndugu. Umeuliza umwiteje mtu anayefikiri kwa mpangilio, kwa kuwa umeandika "mwanamantiki" kila mahali na unaona halikai vizuri. Kwanza angalia kama unataja taaluma yake au tabia yake. Mwanamantiki ni mtaalamu wa mantiki, kama alivyokuwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale; mtu anayepima jambo kabla ya kuamua ni mtu razini, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba utulivu pamoja na akili, na ambalo nasikitika kuona linaachwa. Nilipokuwa nahariri hadithi moja, nilikuta "Mwanamantiki yule alikataa kukopa". Nikaandika "Kwa kuwa alikuwa mtu razini, alikataa kukopa," na maana ikatulia papo hapo.

Neno "busara" usilitumie hapa ovyo, kwani mtu anaweza kuwa na busara bila kujenga hoja hata moja. Na hoja, kwa kweli, hujengwa, hutolewa, hutetewa na hupanguliwa, ilhali hitimisho hufikiwa. Kuhoji ni kuulizauliza, wala si kutoa hoja, ingawa maneno hayo yanafanana.