Kazi ya chumba cha udhibiti

Mdogo wangu, umeuliza kama wanaokaa chumba cha udhibiti wa gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme wa nchi nzima, kazi yao ni kukata umeme tu. Hapana kabisa. Kazi yao kubwa ni kulinda masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, yasiachane na hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde). Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mahindi: unaozalishwa sasa ndio unaotumika sasa hivi. Mtambo mkubwa wa kuzalisha umeme ukizimika ghafla, masafa yanashuka, na mzigo, yaani umeme unaotumiwa na wateja, usipopunguzwa upesi, mitambo mingine nayo inajitoa yenyewe, nchi inaingia gizani. Ndiyo maana nyumba ya eneo la Mwanga hapa Kigoma inaweza kuzimika kwa hitilafu iliyotokea mbali kabisa. Zamani tulitegemea majenereta ya dizeli, tukawa kama kisiwa, hatujaunganishwa na wengine. Tangu gridi ya Taifa ilipoanza kutufikia, shida ya wenzetu ni yetu pia. Mimi bado naona tumepata nafuu, dizeli ni ghali mno.

Habari ya bei ya umeme ni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, si ya watu wa zamu wa chumba cha udhibiti. Huko wanahitajika hata wachumi na wanasheria. Wewe unayependa mitambo, shika fizikia na hisabati, halafu uhandisi wa umeme.