Jibu: Sauti inakwaruza nikirekodi kwa kompyuta ya zamani

Mkuu, umesema sauti inakatika na kukwaruza ukirekodi kwa hiyo mashine ya Windows 7 uliyonunua barabara ya Luthuli, Nairobi, na fundi anataka ununue kadi nyingine ya sauti. Shika pesa zako kwanza.

Mara nyingi kadi haina kosa, ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Chomoa kadi, futa draiva zote za zamani, washa mashine upya, kisha weka ile ya mtengenezaji iliyotolewa kwa Windows 7. Angalia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Draiva ya moja haikubali kwa nyingine. Kama mtengenezaji hana tena, jaribu ASIO4ALL, draiva ya sauti inayofanya kazi na kadi nyingi, ni ya bure.

Halafu bafa, yaani idadi ya sampuli (vipande vidogo vya sauti) ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzishughulikia. Umeiweka 64 kwa mashine ya umri huo? Lazima ilie kama bisi kwenye sufuria. Ipandishe hadi 256: kwa 44,100 Hz (sampuli 44,100 kila sekunde) sauti inachelewa kama milisekunde 6 tu, mwimbaji hatalalamika. Ukifika kuchanganya nyimbo, weka 1,024.

Na uzime Wi-Fi. Mimi nilihangaika wiki mbili huku Umoja, nikabadilisha waya, nikalaumu stima, kumbe draiva ya Wi-Fi ndiyo iliyokuwa inaibana prosesa. Programu inayoitwa LatencyMon ndiyo iliyonionyesha. Iendeshe dakika kumi hivi, itakutajia draiva inayochelewesha.

Kadi ichomeke USB za nyuma, si za mbele. Bado ikikataa, niambie ni kadi gani.