Una mafua? Endelea kunyonyesha

Dada, umeuliza kama umwachishe mtoto ziwa kwa sababu una mafua. Hapana, usimwachishe. Umesema mafua yamekuanza juzi na mtoto ana miezi mitatu. Basi kabla hujapiga chafya ya kwanza, huenda virusi alishavivuta. Ukimnyima ziwa sasa unamnyima kinga na kumwachia ugonjwa.

Iko hivi. Chembe za kinga zilizokutana na virusi kwenye koo na mapafu yako husafiri kwa damu hadi kwenye titi, na huko hutengeneza kingamwili (protini za kupambana na vijidudu) dhidi ya virusi hivyo hivyo. Nyingi ni za aina ya IgA. Haziingii sana kwenye damu ya mtoto. Hutanda kooni na tumboni, zikavinasa virusi kabla havijashika. Maziwa ya kopo, hata yawe ya bei gani, hayajui wiki hii nyumbani kwako kunakoholewa nini. (Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, ndiyo imejaa kingamwili zaidi, na bado kuna bibi anayesema ikamuliwe imwagwe!)

Ila si ngao ya chuma, mtoto anaweza kuugua. Nawa mikono, vaa barakoa ukimnyonyesha, usimbusu usoni. Halafu mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima: kwa umri wake zikifika 50, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani akivuta hewa, au akikataa ziwa, nenda kituo cha afya usiku huohuo, usingoje kukuche.