Jibu: Dume wa nguruwe wa bei chee "aliyepona", nimchanganye leo?

Mkuu, usimshushe huyo dume. Kama ameshashuka, mrudishe kwenye kirikuu, maelezo utasoma akiwa njiani.

Umesema una majike manne na watoto walioachishwa juzi, dalali kakuletea dume aliyekuwa "anahara kidogo lakini kapona", unauliza umchanganye na wenzake leo au kesho. Mimi niliuziwa wa namna hiyohiyo. Alikuwa ananawiri, anakula, anapanda, majirani wanakuja kumpiga picha.

Wiki mbili hivi baadaye watoto wakaanza kutoa kinyesi laini cha kijivu, kisha kikaja cha ute unaonata kwenye beleshi, na michirizi ya damu ndani yake. Ubavu ukabonyea. Ugonjwa ukamaliza chumba cha kwanza, ukafuata cha pili, cha tatu, maana fundi wangu alijenga mfereji wa maji machafu unaopita kila chumba kama daladala inayokusanya abiria.

Jamaa wa duka la dawa, bila hata kuinuka kwenye kiti, akasema choma OTC (oksitetrasaiklini, sindano ya antibiotiki) siku tatu. Nikachoma. Nikarudi, akasema ongeza dozi. Angekuwa anauza sukari angeniuzia sukari! Mpaka nilipomleta daktari wa mifugo wa kweli, kinyesi kikapimwa, ndipo nikaambiwa ni bakteria anaitwa Brachyspira hyodysenteriae, anayeleta kuhara damu kwa nguruwe. OTC wala hamsumbui. Tukahamia tiamulini, antibiotiki nyingine, lakini hapo hasara ilishaingia na mimi nilishaanza kuitwa "mwekezaji" kwa kejeli.

Aliyeleta yote ni yule dume mzuri. Nguruwe anaweza kupona, akanenepa, huku anaendelea kumwaga bakteria kwenye kinyesi kwa wiki nyingi. Wenzake wakifukua sakafu kwa pua, wameshakula. Gambuti zinabeba, beleshi linabeba, panya wadogo ndio usiseme, wanakaa na bakteria hao miezi. Kinyesi kikikauka kabisa bakteria wanakufa upesi, kwenye unyevu wanadumu. Mimi nilikuwa naosha banda kila asubuhi na sakafu haikauki, najiona msafi kuliko wote mtaani.

Kwa hiyo mgeni akae peke yake mwezi mzima, mbali, upande ambao maji yake hayateremki kwa wenyeji. Ndoo yake, beleshi lake, gambuti zake. Mhudumie wa mwisho, na ukitoka kwake usirudi kwa wengine. Mwishoni muweke na mtoto mmoja aliyeachishwa, umwangalie kinyesi; akiharisha, ujue mgeni bado anamwaga bakteria. Ndiyo, inauma, lakini ni mmoja. Shemeji yako hapa ananiita afisa uhamiaji, sijali.

Na watakaokuja kuandika "hiyo ni homa ya nguruwe": hapana. Ile ni kirusi, haina tiba. Ukiona wanakufa mfululizo na ngozi imewiva wekundu, acha kuuliza jukwaani, mpigie afisa mifugo.

Dalali akikwambia kuna mteja mwingine anakuja saa kumi, mwambie amuuzie huyo.