Kabla hujawapeleka vijana Monte-Carlo, nenda ukaangalie

Nafundisha vijana sarakasi Jambiani, pale pwani, maji yakishatoka. Januari moja nilijaaliwa kufika Monaco, nchi ndogo ya Ulaya, kwenye tamasha la sarakasi la Monte-Carlo, lile aliloanzisha mtawala wao Rainier III mwaka 1974. Tuzo yake kubwa ni Clown d'Or, yaani Chale wa Dhahabu, na hakuna mwanasarakasi asiyeitamani. Sikwenda kushindana, nilikwenda kuangalia tu. Mwalimu mwenzangu wa Unguja au Pemba, nawe fanya hivyo kwanza, ndipo upeleke watoto wa watu.

Visa ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ianze mapema. Maombi hupokelewa tangu miezi 6 kabla ya safari, na bima ya matibabu ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Ombi langu la kwanza lilikataliwa. Ndugu na jamaa walinichangia pesa, nami nikaziingiza zote benki kwa mkupuo, wiki mbili kabla ya kuomba. Akaunti iliyolala mwaka mzima ikajaa ghafla inatia shaka. Michango iingie kidogo kidogo, na kila aliyekuchangia akuandikie barua. Monaco haina uwanja wa ndege, utashukia Nice, Ufaransa, upande treni. Na Januari kule ni baridi hasa, chukua koti zito.

Sasa tiketi. Washindani hugawanywa kwenye maonyesho mawili tofauti, kisha mwisho huja gala ya washindi, na huko ndiko wengi wanakokimbilia. Mimi nasema pesa yako iweke kwenye yale mawili ya mwanzo. Kwenye gala utaona waliofaulu. Mwalimu anahitaji kumuona mtu akikosea.

Mimi nilimuona. Kijana alirushwa na ubao, akapiga vichwangomba vitatu hewani, akakosa mabega ya mwenzake akaangukia godoro. Hema zima likanyamaza. Alisimama taratibu, akavuta pumzi, akainua mkono kumuelekea kiongozi wa bendi. Ngoma ikaanza upya. Yule wa kupokea akafuta viganja kwenye suruali, akarudisha nyayo zake palepale, na safari hii akampokea. Machozi yalinitoka. Vijana wangu wakikosea hucheka wakakimbilia pembeni, na miaka yote hiyo sikuwahi kuwafundisha kurudi.

Jengine ni uwanja wenyewe. Duara la sarakasi lina kipenyo cha mita 13, na kipimo hicho asili yake ni farasi. Philip Astley, mwanzilishi wa sarakasi ya kisasa, London, karne ya 18, alikuwa akisimama juu ya mgongo wa farasi anayekimbia, na duara la kiasi hicho ndilo lililomuwezesha kuegemea ndani asidondoke. Sisi tumezoea pwani isiyo na mwisho. Kijana anaanza mbio kutoka kwenye mnazi ule, na hakuna anayemuuliza.

Niliporudi nilikata kamba ya makumbi ya mita 6 na nusu, nikaifunga kwenye kigingi mchangani, mdogo wa vijana wangu akaishika ncha akazunguka akichora kwa kisigino. Mnara wetu wa watu uliingia vizuri. Mbio za kuanzia zilitoka nje ya mstari hatua kumi nzima. Tukaanza kuzipunguza siku ileile, hatua moja moja, mpaka maji yakajaa yakalifuta duara.