Rangi ya Land Rover ya zamani: hiyo boneti irudishe kwanza

Mkuu, kabla hujaipakia hiyo boneti kwenye kirikuu, irudishe kwenye gari. Umesema una Land Rover Series III ya 1974, ile ndefu ya 109, unataka kuirudisha kwenye kijani chake cha kiwandani, na fundi kakwambia ufungue boneti uipeleke duka la rangi ikapimwe kwa mashine ili Jumamosi apulize. Umeuliza pia raba za milango na gharama ya kunyoosha bodi. Hayo yatasubiri. Rangi ndiyo itakayokumaliza.

Boneti iliyokaa miaka 50 chini ya jua la Dodoma haina tena rangi ya kiwandani. Jua hula gundi inayoshika chembe za rangi, chembe zinabaki wazi juu ya bati, na kila kitambaa kinachopita kinaondoka nazo. Pitisha kidole kwenye boneti yako sasa hivi: kitatoka na unga mweupe wenye ukijani kwa mbali. Huo unga ndio mashine itakaousoma. Itapima mwanga unaorudi kutoka pale, itatafuta kwenye hifadhi yake fomula inayokaribia, na hifadhi hiyo imejaa rangi za magari ya juzi. Utatoka na kijani kilichopauka cha gari jingine kabisa, na karatasi yenye gramu hadi desimali, uamini umepewa kitu cha uhakika.

Sasa sikiliza hasara inavyokuja. Fundi anapuliza, gari linang'aa, kila mtu anapiga picha. Unafungua mlango. Kwenye bawaba, chini ya dashibodi, kwenye kingo za ndani, kijani cha asili kipo palepale, kizito, karibu na weusi, na nje kuna kitu kama majani makavu. Hapo njia ni mbili na zote zinauma. Ama uvue milango, siti na vioo upake ndani ifanane na kosa la nje, ama ukwangue nje uanze upya. Usikubali njia ya tatu ambayo mafundi wataipendekeza, ya kupiga rangi sahihi juu ya ile mpya iliyo juu ya ile ya zamani. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, inacheza barabarani, na rangi nene hupasuka kwanza kwenye rivets na mikunjo. Lita zote za rangi, hadina ya kuigandisha, thina, msasa na siku za fundi zinakuwa zimekwenda, na bado unadaiwa kazi ya kukwangua.

Wanaonikera ni wale wauza rangi wanaomwambia mteja "kompyuta haikosei." Mashine ni nzuri, inapima sawasawa kabisa kile ilichowekewa. Mtu anayeuza rangi kila siku anajua bati lililopauka likoje, na ilikuwa kazi yake kusema, "hiki hakifai, niletee kipande kilichokuwa kivulini." Hasemi, kwa sababu ukirudi kununua tena ni faida kwake. Na wale wanaotuma picha ya WhatsApp wakiuliza "hii ni rangi gani" waache pia. Simu inajirekebishia rangi yenyewe, kijani kimoja kitatoka tofauti asubuhi na jioni.

Rangi ya kweli itafute pale ambapo jua halijafika. Fungua bawaba moja ya mlango uangalie chini yake. Vua taa ya nyuma. Vua kibati cha namba. Kama tairi la akiba linakaa juu ya boneti, fungua kile kikalio chake. Halafu usiamini rangi ya kwanza unayoiona, maana Land Rover nyingi za mikoani zilikuwa za idara, misheni au mashamba, na zilishapakwa mara kadhaa. Chukua msasa wa 400 wenye maji, sugua duara dogo upana wa kizibo cha soda, kisha panua kwa 800, kisha 1200, malizia na 2000. Tabaka zitajipanga kama pete za mti uliokatwa: labda nyeupe, kisha buluu, kisha kijani, kisha praima (rangi ya msingi), kisha bati lenyewe. Kijani kinachogusa praima ya mwisho ndicho chako. Kipigie polishi hadi king'ae kabla ya kukilinganisha na chochote, kwa sababu rangi iliyosuguliwa bila kung'arishwa inaonekana nyepesi kuliko ilivyo. Sugua kwa maji tu, na uvae barakoa. Rangi nyingi za miaka ile zina risasi, vumbi lake si la kuvuta wala la kuachia watoto uani.

Kuhusu jina. Kibati cha kiwandani cha Series kina namba ya chasi, usihangaike kutafuta namba ya rangi pale. Kama ni kile kijani kizito, kinaitwa Bronze Green, namba LRC 001. Omba fomula kwa hiyo namba, na mwambie mchanganyaji asikupe Deep Bronze Green, namba 224 ya kitabu cha rangi cha Waingereza, BS 381C. Majina yanafanana na rangi zinakaribiana, lakini ni fomula mbili. Paa na rimu mara nyingi ni Limestone, LRC 007, nyeupe yenye umaziwa. Ukipiga nyeupe ya kawaida pale, gari zima litaonekana la bandia hata kama kijani kimekubali.

Hata fomula sahihi usiipeleke kwenye gari. Hapa ndipo nakuomba unisikie hata kama mengine yote utayapuuza: KIBAO KWANZA. Kata bati la sentimita 10 kwa 15, lipige praima ileile itakayokwenda kwenye gari, kona moja uiweke nyeusi na nyeupe. Changanya gramu 100 tu. Puliza kwa bunduki ileile, tundu la milimita 1.3 au 1.4, upepo uleule, koti zilezile utakazopiga kwenye gari, hadi ile nyeusi na nyeupe zisionekane tofauti. Rangi iliyomo koponi haikwambii kitu, na ya majimaji hudanganya, kwa kawaida inakuwa nzito zaidi ikikauka. Acha ikauke kabisa, hadi kesho yake.

Kisha kishike kibao kigusane na ile pete uliyoisugua. Kitazame nje saa sita mchana, kitazame kivulini, kitazame jioni chini ya taa ya tyubu. Kama kinakubali dukani na kinakataa nje, tatizo ni chembe zenyewe. Kijani na njano za zamani nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi na kromu, za leo zinatumia chembe nyingine, hivyo zinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Mwambie mchanganyaji abadili aina ya njano, asiongeze tu nyeusi. Kila anachodondosha kipimwe kwenye mizani na kiandikwe nyuma ya kibao, nusu gramu kwa gramu 100 kwa mara moja, basi. Asiyetaka kuandika gramu, ondoka kwake.

Kibao kikipita, rangi yote itengenezwe siku moja. Nunua ya gari zima na akiba juu, makopo yote yamiminwe ndoo moja yakorogwe pamoja. Ukiongeza lita moja wiki ijayo, mlango mmoja utakuwa na kijani chake peke yake.

Chukua 2K, yaani rangi inayochanganywa na hadina, ile inayong'aa yenyewe bila klia, lile koti la juu lisilo na rangi. Rangi hizi hazikuwa na klia, na ukiiweka, kijani kinapata kina cha kioo ambacho gari hili halikuwa nacho. Hadina na thina fuata karatasi ya mtengenezaji, ila kwa joto na ukavu wa Dodoma omba thina ya taratibu. Ya haraka hukaukia hewani kabla ya kugusa bati, rangi inatua kama unga na kuonekana nyepesi, nawe utaanza kulaumu fomula ambayo haina kosa. Piga alfajiri kabla upepo haujaamka, mwaga maji sakafuni vumbi litulie. Palipo na aluminiamu tupu piga praima ya kung'ata (ile ya asidi) au epoksi, la sivyo rangi itabanduka vipande, na puti isikae moja kwa moja juu ya ile praima ya asidi.

Mwambie fundi Jumamosi hakuna kupuliza. Jumamosi ni siku ya kufungua bawaba na kusugua ile pete. Ukishapata kibao kilichopita jua na kivuli, weka hapa gramu zako zote na aina ya rangi uliyotumia. Wapo wengine wenye Bronze Green huku Kongwa na Mpwapwa wanaozihitaji.